Daraja la Gitaa: Kipande Kimoja au Tabaka?

Kila apitaye Darajani, Unguja, hutamka jina la daraja ambalo halipo tena, kwa sababu mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulikwishafukiwa na watu sasa wanavuka kwa miguu mikavu bila kuhisi kwamba wanavuka chochote. Daraja la gitaa, yaani kipande cha mbao kilichobandikwa juu ya uso wa gitaa kushikilia nyuzi, lina bahati iliyo kinyume: lipo siku zote na linafanya kazi usiku na mchana, lakini halitajwi mpaka siku linapobanduka. Mnunuzi hutazama rangi, umbo na jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, akapiga vidole mara mbili tatu, akalipa. Miezi michache baadaye, mara nyingi wakati wa masika, anaona nyuzi zimepanda mbali na shingo, vidole vinauma, na ukingo wa nyuma wa daraja umenyanyuka kiasi cha kupitisha karatasi.

Kijana mmoja wa Wete aliniletea gitaa lililokuwa limevuka hatua hiyo. Lilikuwa gitaa la nyuzi za chuma, na daraja lake, lililopakwa rangi nyeusi, lilikuwa limeng'oka nusu na kupasuka ubavuni. "Shikamoo, ami," alisema, kisha akaendelea kabla sijamaliza kuitikia, "niliambiwa dukani kwamba daraja hili ni la mbao nzima, na mbao nzima haifanyi hivi." Nilipoligeuza gitaa kwenye mwanga, ukingo uliovunjika ulionesha tabaka tano nyembamba zilizoachana kama kurasa za kitabu kilichorowa. Rangi nyeusi ndiyo iliyokuwa imeificha siri hiyo. Nilimuuliza gitaa lilikaa wapi, akajibu kwamba lilibaki garini Chake Chake, vioo vimefungwa, wakati wa sala ya Ijumaa. Alichotaka sasa ni daraja la mpingo, kipande kimoja, na asisikie tena habari ya tabaka maishani mwake. Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye moja kwa moja, na maelezo niliyompa siku ile ndiyo ninayoyapanga hapa kwa utaratibu zaidi.

Mzigo unaobebwa

Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida hulivuta daraja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70 hadi 75, yaani kama mtu mzima aliyening'inia hapo bila kupumzika. Nyuzi za nailoni huvuta takriban nusu ya nguvu hiyo, karibu kilo 40. Mvuto huu haulielekei daraja kwa usawa tu. Nyuzi hupita juu ya kipande chembamba cha mfupa au plastiki kilichochomekwa katika mfereji wa daraja, ambacho hapa nitakiita mfupa, na kwa hivyo kimo cha daraja pamoja na mfupa hugeuka kuwa wenzo: ukingo wa nyuma hutaka kunyanyuka, ukingo wa mbele hutaka kudidimia, na gundi iliyo chini ndiyo inayokataa. Karibu na mwaka 1930, kampuni ya Martin ya Marekani ililipanua daraja lake kwa nyuma likawa kama lina kitambi, wakati ambapo nyuzi za chuma zilikuwa zimeshika nafasi ya nyuzi za utumbo. Umbo hilo, ambalo leo linaonekana karibu katika kila gitaa la chuma, huipa gundi eneo kubwa zaidi la kushika.

Jambo la pili ni mwelekeo wa mishipa ya mbao, na hili ndilo linaloamua mengi katika ulinganisho wetu. Uso wa gitaa, ambao kwa kawaida ni wa mti wa sprusi, una mishipa inayotoka shingoni kwenda chini. Daraja hukatiza mishipa hiyo, kwa kuwa mishipa yake yenyewe hutoka upande wa nyuzi nene kwenda upande wa nyuzi nyembamba. Mbao ikinyonya unyevu hutanuka kwa upana wake, lakini kwa urefu wa mishipa yake hutanuka kidogo mno hata haihesabiki. Basi uso wa gitaa unapotaka kupanuka chini ya daraja, daraja halitaki kuufuata, na ugomvi wa mbao hizo mbili huangukia gundi.

Ukubwa wa ugomvi huo kwetu Visiwani si wa kudharauliwa. Watengenezaji wakubwa kama Martin na Taylor hushauri gitaa likae katika hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ya Unguja na Pemba hushinda katika asilimia 75 na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika hupanda tena. Ukipiga hesabu ya kutanuka kwa sprusi kutoka hali ya kiwandani hadi asilimia 80, sehemu ya uso iliyo chini ya daraja lenye urefu wa sentimita 15 ingepanuka karibu milimita moja na nusu iwapo ingeachwa huru. Vanishi hupunguza kasi ya unyevu kuingia, lakini haiuzuii. Kwa kuwa daraja haliruhusu mpanuko huo, uso hujipinda na kufura nyuma ya daraja, na hapo ndipo karatasi inapoanza kupita.

Tabaka za aina mbili

Neno "tabaka" hutumiwa dukani kana kwamba lina maana moja, na mimi naona kosa kubwa la wanunuzi linaanzia hapo. Kuna daraja lililokatwa kutoka katika plaiwudi, ambamo kila tabaka imelazwa ikikatiza mishipa ya tabaka iliyo chini yake. Kuna pia daraja lililojengwa kwa vipande viwili au vitatu vya mbao ngumu, vyote vikiwa na mishipa inayoelekea upande mmoja, vikabandikwa pamoja na kuchongwa kama kipande kimoja. La kwanza huchaguliwa kwa sababu ni rahisi na ni la haraka. La pili huchaguliwa na fundi aliyefikiri, au na fundi asiye na mbao nene, na wakati mwingine watu hao wawili ni mtu mmoja.

Tofauti yao ni kubwa. Daraja hufanya pia kazi ya ubavu: linaukaza uso wa gitaa kwa upana, na ukazaji huo hutoka katika mishipa inayokwenda kwa urefu wa daraja. Katika plaiwudi ya tabaka tano, mbili kati yake, na pengine tatu, zimelala upande usiofaa, hivyo hubeba uzito bila kukaza chochote cha maana. Daraja la namna hiyo likitengenezwa kwa kimo kilekile hupinda kwa urahisi zaidi, na uso unaofura hulichukua pamoja nao. Daraja lenye tabaka za mwelekeo mmoja, kwa upande mwingine, hutenda kazi karibu sawa na kipande kimoja, mradi gundi iliyo kati ya tabaka ni ya kuaminika. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba "la tabaka ni baya", amelihukumu la pili kwa makosa ya la kwanza.

Kupasuka

Ubaya wa kipande kimoja uko wazi, na anayekiuza hausemi. Gitaa la chuma lina pini sita zinazoshikilia ncha za nyuzi katika daraja, zilizopangwa kwa mstari, na matundu yake yote yamechimbwa kufuata mishipa ya mbao. Anayejua kuchana stempu ya posta anajua maana ya kutoboa matundu kwa mstari. Kidogo mbele ya matundu hayo umekatwa mfereji wa mfupa, nao pia unafuata mishipa hiyohiyo. Kipande kimoja kikikauka ghafla, au pini ikishindiliwa kwa nguvu, au mfupa ukiwa mnene kuliko mfereji wake, ufa huanza kwenye tundu moja na kutembea hadi la pili.

Mtu anaweza kudhani kwamba Visiwani hakuna ukavu wa kuleta ufa, lakini siku hizi upo. Mpigaji anayeburudisha wageni katika hoteli za Nungwi au Kiwengwa huliweka gitaa lake kwa muda wa saa nne ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, kisha hulitoa nje kwenye upepo wa bahari, kisha hulirudisha tena ndani. Kila mzunguko huo huikausha mbao na kuinywesha maji. Anayesafiri kwenda Dodoma wakati wa kiangazi, au Ulaya wakati wa baridi ambapo nyumba hupashwa moto, hukutana na ukavu mkali zaidi. Plaiwudi haina woga wa jambo hili hata kidogo, kwa sababu ufa wa tabaka moja huzuiwa na mishipa ya tabaka inayofuata. Daraja lenye tabaka za mwelekeo mmoja liko katikati: ufa unaweza kupita, lakini mara nyingi husita kwenye mstari wa gundi, hasa ikiwa vipande vilichaguliwa ili mishipa yao isilingane kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wa nchi baridi hawalihitaji sana, lakini sisi tunalihitaji. Mbao ngumu ya unene wa sentimita moja na nusu, iliyokatwa kwenye gogo bichi, huchukua muda mrefu kukauka mpaka ndani, na mpingo ni mkaidi kuliko miti mingi: nje unaonekana mkavu, ndani bado una maji, na ukiuharakisha unapasuka. Ukiichana mbao hiyohiyo kuwa vipande vya milimita nne, inakauka kwa wiki chache juu ya kabati, na kasoro iliyojificha ndani inaonekana kabla hujapoteza kazi yako. Kwa fundi wa Mji Mkongwe anayetegemea mabaki ya wachonga vinyago, tabaka tatu nyembamba zilizokauka kweli ni bora kuliko kipande kimoja kinene ambacho hakuna ajuaye kilikatwa lini.

Mbao yenyewe, uzito na sauti

Watu huulizia sauti kwanza, na mimi nimeiacha mpaka sasa kwa makusudi. Katika daraja, sauti hufuata zaidi uzito na ukakamavu kuliko idadi ya vipande. Daraja la kawaida la gitaa la chuma, likiwa la rozwudi ya India, huwa na gramu kama 25 hadi 30. Umbo lilelile kwa eboni hufika gramu 35 hivi, na kwa mpingo huweza kufika 40. Mninga au msaji huleta gramu kama 20 tu. Daraja zito hupunguza wepesi wa uso kuitikia kidole, hivyo sauti huchelewa kidogo kutoka na huwa ndogo kidogo, lakini huendelea kulia kwa muda mrefu zaidi. Daraja jepesi huleta sauti inayoruka upesi na kuzima upesi. Hayo mawili hakuna lililo kosa, ila ni vizuri mtu ajue anachonunua. Anayefuatisha waimbaji kwa kukwangua nyuzi zote pamoja atapenda wepesi, na anayepiga noti mojamoja kwa mtindo wa udi huenda akapenda uzito.

Mpingo ni mti wetu wa bara, jina lake la kitaalamu Dalbergia melanoxylon, na unapatikana hasa Kilwa, Lindi na Mtwara. Dunia inaujua kwa klarineti na obo, nasi tunaujua kwa vinyago vya Kimakonde vinavyouzwa katika kila uchochoro wa Mji Mkongwe. Kwa daraja, ni mbao inayoshika tundu la pini bila kuchakaa, haihitaji rangi, na hung'aa kwa msasa mwembamba peke yake. Tatizo lake ni uzito niliokwisha kuutaja, pamoja na mafuta yake ya asili yanayoifukuza gundi usipoyafuta kwa spiriti muda mfupi kabla ya kubandika. Msaji una tabia hiyohiyo ya mafuta. Aidha, si kila kitu cheusi ni mpingo. Mbao nyepesi hupakwa dawa ya viatu na kuuzwa kwa jina hilo, na anayetaka kuhakikisha huhitaji ndoo ya maji tu: mpingo huzama, mbao iliyopakwa dawa huelea na pengine huacha weusi wake majini.

Kuhusu kama sikio linaweza kutofautisha kipande kimoja na tabaka za mwelekeo mmoja zenye uzito sawa, mimi sijaweza, ijapokuwa nimelijaribu hilo na gitaa langu mwenyewe kwa kubadilisha daraja mara mbili. Plaiwudi niliitambua, na nilichokisikia ni kwamba noti za juu zilikuwa zimezibika, kana kwamba mtu ameweka leso juu ya uso wa gitaa. Hata hivyo, lile daraja la plaiwudi lilikuwa pia limepinda, kwa hiyo sitaki kuilaumu mbao kwa kila kitu.

Joto, gundi na siku ya matengenezo

Gundi nyeupe ya mbao, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, huanza kulegea joto linapofika karibu digrii 60 za sentigredi, na gari lililofungwa vioo juani kwetu huweza kukaribia hapo, hasa karibu na kioo cha nyuma. Kipande kimoja kina mstari mmoja tu wa gundi, ule wa chini. Daraja la tabaka tano lina mistari mitano, na mahali popote ambapo kiwanda kilibana matumizi patafunguka kwanza. Gitaa la kijana wa Wete lilifunguka pote, juu na chini, lakini tabaka ndizo zilizotangulia.

Jambo hilihili hurudi siku ya matengenezo. Daraja lililonyanyuka halitengenezwi kwa kudondoshea supagluu ufani, ingawa wengi hufanya hivyo na kisha huniletea kazi mara mbili. Linapaswa kutolewa lote kwa joto la pasi na kisu chembamba, sehemu zote mbili zisafishwe mpaka mbao tupu ionekane, kisha libandikwe upya na kubanwa kwa klampu siku nzima. Kipande kimoja hustahimili pasi na hurudi mahali pake kilekile, hata mara tatu katika maisha ya gitaa. Katika daraja la tabaka, joto hupita juu kabla ya kufika chini, kwa hivyo kabla gundi ya chini haijalegea, tabaka za juu zimekwisha kuteleza. Ni nadra kwangu kulitoa daraja la plaiwudi likiwa zima. Ikiwa tabaka zilibandikwa kwa epoksi ya kustahimili joto au kwa gundi ya kiwandani inayokauka bila kulegea tena, hali ni nafuu, lakini mnunuzi hana njia ya kulijua hilo kwa kutazama.

Kabla ya kulilaumu daraja lolote, ni haki pia kuangalia lilivyobandikwa. Katika magitaa mengi ya bei ndogo, kiwanda hupaka vanishi uso wote na kubandika daraja juu ya vanishi, au huacha utepe wa vanishi chini ya kingo za daraja. Gundi hiyo haijaishika mbao, imeshika rangi. Daraja la mpingo safi lililobandikwa hivyo litang'oka kabla ya plaiwudi iliyobandikwa juu ya mbao tupu. Baadhi ya viwanda hutia skrubu mbili zilizofichwa chini ya vidoti vyeupe, na hizo huzuia daraja lisiruke lote kwa mpigo, lakini haziondoi kunyanyuka kwa ukingo wa nyuma.

Gitaa la nailoni, na udi

Katika gitaa la nailoni uzani wa mambo hubadilika. Hakuna pini zinazopeleka mzigo kwenye kibao cha ndani chini ya uso. Nyuzi hufungwa nyuma ya daraja lenyewe, na mvuto wote, hata ukiwa ni kilo 40 tu, hubebwa na gundi. Ikiwa daraja limejengwa kwa tabaka zilizolala, kila mstari wa gundi ulio chini ya fundo la nyuzi huvutwa kama mtu anayebandua kifuniko. Fundi aliyezoea udi anaijua hali hii, kwa sababu daraja la udi nalo limebandikwa tu juu ya uso mwembamba na nyuzi zimefungwa hapohapo, na vikundi vya taarab vimeishi na jambo hilo tangu siku za Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Hapa sina mashaka kama niliyonayo kwenye gitaa la chuma: chagua kipande kimoja, cha mbao nyepesi kiasi kama rozwudi, kwa kuwa hakuna mstari wa matundu ya pini wa kukipasua, na sababu kubwa ya kutaka tabaka haipo tena.

Kuangalia kabla ya kulipa

Magitaa yanayouzwa kwetu ni mapya ya bei ndogo yaliyoshushwa kutoka Dar es Salaam, yaliyotumika ambayo huja na makontena, na machache yanayoachwa na wageni wanaoona tabu kurudi nayo. Maandishi ya ndani ya gitaa mara nyingi husema habari za uso na kuwa kimya kuhusu daraja. Tazama ncha mbili za daraja, pale linaposhuka na kuwa jembamba: patasi na msasa vikipita kwenye tabaka kwa mteremko huacha michirizi kama ya ramani ya mlima, na michirizi hiyo huonekana hata chini ya rangi nyembamba. Ikiwa rangi ni nzito, mwombe muuzaji alegeze uzi mmoja, achomoe pini, kisha mulika tundu kwa taa ya simu. Ndani ya tundu huwa hapapakwi rangi, hivyo tabaka zitaonekana kama pete. Mbao nzima huonesha rangi moja tangu juu mpaka kwenye uso. Ukiona pete, jaribu kutofautisha: pete zinazopishana kwa weupe na weusi, zenye unene sawa wa milimita moja au mbili, ni plaiwudi, mstari mmoja au miwili tu katika mbao ya rangi moja ni kazi ya fundi.

Kisha pitisha ukingo wa karatasi nyuma ya daraja. Karatasi ikiingia, aina ya mbao si swali tena, kwa sababu utalipia matengenezo kwa vyovyote vile.

Nani achukue lipi

Gitaa la skuli, linalopita mikononi mwa watoto arobaini na kuegemezwa ukutani, linaweza kuwa na daraja la plaiwudi bila aibu. Halitapasuka kwa pini iliyoshindiliwa, na bei yake inaruhusu makosa. Litiwe nyuzi nyembamba za chuma, ambazo hupunguza mvuto, na lisiachwe juani. Zaidi ya hapo, sioni sababu ya kuinunua plaiwudi kwa hiari.

Mpigaji wa gitaa la chuma anayeishi hapahapa na asiyeingia na kutoka kwenye viyoyozi atafaidika na kipande kimoja cha mbao iliyokauka vizuri, na mimi naipa rozwudi nafasi ya kwanza mbele ya mpingo kwa sababu ya uzito. Anayefanya kazi mahotelini kila jioni, au anayesafiri kwenda bara na kurudi, namshauri alifikirie daraja la tabaka mbili au tatu za mwelekeo mmoja, zilizobandikwa kwa epoksi na fundi anayemjua, kwa kuwa hatari yake kubwa ni ufa kuliko joto. Yule anayesafiri nje ya nchi na ala yenye mpingo au rozwudi ajue kwamba jamii yote ya Dalbergia iliwekwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia Januari 2017, na kwamba tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo ya kibali, isipokuwa zenye rozwudi ya Brazil, ambayo imo katika Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992.

Kijana wa Wete nilimpimia mbele yake. Kipande cha mpingo nilichokuwa nacho kilikuwa kizito mno kwa uso wa gitaa lake, na nilipokikata kidogo, ndani kilikuwa bado kibichi. Nilimwonesha kwamba ningeweza kukichana tabaka tatu na kusubiri wiki kadhaa, akakunja uso aliposikia neno tabaka. Mwishowe tulichukua mguu wa kitanda cha zamani cha msaji, mbao iliyokuwa imekauka kabla yeye hajazaliwa, tukaupasua ili mishipa isimame wima, tukakwangua vanishi yote chini ya daraja, tukafuta mafuta kwa spiriti na kubandika. Daraja lilitoka na gramu 21. Sauti aliisifu kuliko nilivyotarajia, pengine kwa sababu nyuzi sasa zilikuwa zimeshuka na vidole haviumi. Alipanda boti ya asubuhi kurudi Pemba, nyuzi zimelegezwa, na gitaa amelipakata ndani kivulini badala ya kuliacha juu ya sitaha.